Kahawa yetu na Swala ya Alfajiri

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Masahaba wake.

Ndugu Waislamu, kila mwaka katika siku za mwanzo za Ramadhani hujiwa na watu baada ya Alasiri wakilalamikia kichwa. "Sheikh, saumu ya mwaka huu imenishika vibaya," husema. Nami huwauliza: "Kabla ya Ramadhani ulikuwa ukinywa finjani ngapi za kahawa kwa siku?" Wengi hucheka, kisha huhesabu vidole, na vidole haviwatoshi.

Mara nyingi maumivu hayo hayatokani na njaa pekee. Kahawa ina kafeini, ambayo huibana mishipa ya damu ya kichwani. Mwili uliozoea kafeini ukiikosa ghafla, mishipa hiyo hutanuka na kichwa huuma. Hali hiyo huanza baada ya saa 12 hadi 24, na yaweza kudumu kwa siku 2 hadi 9. Dawa yake ni kupunguza kahawa kidogo kidogo tangu mwezi wa Shaaban.

Je, kahawa ni mbaya? La hasha. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa muhtasib wa Makka, alikusanya wanazuoni na matabibu, kahawa ikapigwa marufuku na buni zikachomwa moto. Sultani wa Misri alipopelekewa habari hakuafiki kinywaji chenyewe kiharamishwe, na hadi leo wanazuoni walio wengi wanakihesabu kuwa halali. Matabibu wa zama zetu nao wamegundua kuwa wanywaji wa kiasi hupatwa kwa uchache na kisukari cha aina ya pili na maradhi ya ini, ingawa hilo peke yake halithibitishi kwamba kahawa ndiyo kinga.

Tatizo ni kiasi, namna na wakati. Qur'ani tukufu imekataza israfu katika kula na kunywa (Suratul A'raaf, aya ya 31). Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kuwa mtu mzima mwenye afya hadhuriki kwa kafeini isiyozidi miligramu 400 kwa siku, yaani takriban vikombe vinne vya kawaida. Mama mjamzito asizidishe miligramu 200, na chai pia ihesabiwe.

Kahawa yetu chungu huchemshwa bila kuchujwa kwa karatasi, hivyo hubaki na mafuta yanayopandisha lehemu katika damu. Tena huinywa ingali ya moto mkali, ilhali mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitahadharisha kuwa vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi yumkini husababisha saratani ya umio. Na mwenye upungufu wa damu asiinywe pamoja na chakula, kwani huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri.

Lakini hasara kubwa zaidi ni ya usingizi. Baada ya saa tano hivi, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Anayekunywa barazani saa 3 usiku, saa 8 usiku angali nayo. Hugeuka kitandani, usingizi humjia karibu na adhana, na Alfajiri humpita.

Tangu karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa kahawa ili wakeshe katika dhikri. Sisi twainywa kwa mazungumzo ya mpira na siasa, kisha twalala wakati wa kusimama mbele ya Mola. Kinywaji ni kile kile. Nia na wakati ndivyo vilivyobadilika.

Basi, enyi wazazi, finjani ya mwisho iwe mchana, kabla ya Alasiri. Kahawa ya usiku ikiachwa, Alfajiri itawakuta watu wa nyumba wakiwa macho.

Wabillahi tawfiq.