Akiolojia ya jamii kwenye ufuko wa Mto Thames

Akiolojia ya jamii kwenye ufuko wa Mto Thames ni kazi ya kutafuta, kupima na kuandika mabaki ya kale yanayoonekana kandokando ya mto huo jijini London, Uingereza. Hufanywa hasa na wakazi wa kawaida wanaojitolea bila malipo, chini ya uongozi wa wanaakiolojia. Tangu mwaka 2008 inaratibiwa na mradi uitwao Thames Discovery Programme. Watu waliopata mafunzo ya mradi huo huunda kikundi kinachoitwa Foreshore Recording and Observation Group. Kifupi cha jina hilo, FROG, ni neno la Kiingereza lenye maana ya chura, nalo linawafaa watu wanaoshinda kwenye matope.

Kazi ya kikundi hiki si kuchimba. Wengi wakisikia neno akiolojia hufikiria mashimo, majembe na brashi. Hapa mto wenyewe ndio unaochimba, na watu hujaribu kuandika kile unachokifunua kabla haujakichukua.

Mto unaokupwa na kujaa

London haiko pwani, lakini Mto Thames hufuata maji ya bahari hadi Teddington, upande wa magharibi wa jiji. Mara mbili kwa siku maji hujaa na kupwa. Karibu na London Bridge tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia takriban mita 7 wakati wa bamvua. Yakipwa, hubaki wazi ufuko wa changarawe, matope, matofali yaliyovunjika na nguzo za mbao zilizochongoka kama meno ya mzee.

Mbao hizo zimedumu kwa sababu ya matope. Ndani ya udongo uliolowa daima hewa haipenyi, na vijidudu vinavyoozesha mbao hushindwa kuishi. Kwa hiyo nguzo iliyokatwa maelfu ya miaka iliyopita inaweza kukutwa bado ina alama za shoka. Lakini matope yakishaondoka juu yake, nguzo hupigwa na mawimbi, hukauka na kulowa tena mara mbili kila siku, na huanza kumeguka.

Kasi ya mmomonyoko ina historia yake. Daraja la kale la London lilikuwa na matao membamba yaliyozuia maji karibu kama bwawa. Lilibomolewa mwaka 1831, na mwendo wa maji katika jiji ukabadilika. Baadaye katika karne ya 19 mhandisi Joseph Bazalgette alijenga kuta kubwa za kingo, kama ile ya Victoria Embankment, zilizoufanya mto kuwa mwembamba zaidi. Siku hizi kuna pia mawimbi ya boti za abiria zinazopita kwa kasi. Mahali pengine ufuko unapoteza udongo, pengine unazidi kufunikwa, na anayejua tofauti ni yule tu anayerudi kuangalia.

Kwa nini wanaojitolea

Tangu mwongozo wa serikali wa mwaka 1990 kuhusu akiolojia na mipango ya ujenzi, mtu anayetaka kujenga jengo England mahali penye mabaki ya kale kwa kawaida hutakiwa kugharimia uchunguzi wake. Utaratibu huo ndio uliozalisha kampuni za wanaakiolojia na kazi nyingi za kulipwa. Lakini mmomonyoko hauna mwekezaji. Mawimbi yakifukua gati ya karne nyingi zilizopita, hakuna wa kupelekewa hati ya malipo. Hili ndilo pengo ambalo wanaojitolea wanaliziba, na ni vema kulielewa, maana mara nyingine kazi yao huelezwa kana kwamba ni burudani tu ya wastaafu.

Katika miaka ya 1990 wataalamu walifanya uchunguzi wa ufuko huo, ulioitwa Thames Archaeological Survey, na kuorodhesha mamia ya vitu kuanzia mitego ya samaki hadi mabaki ya vyombo vya majini. Uchunguzi ulipokwisha, orodha ilibaki kwenye kumbukumbu, na ufuko ukaendelea kubadilika bila mtu wa kuutazama kwa utaratibu. Mwaka 2008 wanaakiolojia, wakiwemo Gustav Milne na Nathalie Cohen, walianzisha mradi mpya kwa fedha za Heritage Lottery Fund, mfuko unaogawa sehemu ya mapato ya bahati nasibu ya taifa kwa ajili ya urithi wa kihistoria. Wazo lao lilikuwa rahisi: mtaalamu hawezi kuwa kila mahali, lakini mkazi wa mtaa wa jirani anaweza kushuka ngazi za mto kila maji yanapokupwa.

Kazi yenyewe

Anayetaka kujiunga hulipa ada ya mafunzo na kufundishwa darasani na ufukoni. Hujifunza kutambua aina za mabaki, kusoma jedwali la maji, kuchora ramani kwa vipimo, kupiga picha zenye kipimio ndani yake, na kujaza fomu. Kila kitu kinachoonekana hupewa namba: safu ya nguzo, sakafu ya mawe, minyororo ya kufungia meli, ngazi za zamani. Michoro hufanywa kwa penseli juu ya karatasi ya plastiki isiyoharibika kwa maji.

Muda ni mfupi. Saa mbili au tatu hivi hupatikana kabla maji hayajaanza kurudi, na nguzo zilizo chini kabisa huonekana wakati wa bamvua tu. Wakati wa maji mafu hazionekani kabisa. Kwa sababu hiyo timu hupanga ziara kwa kufuata mwezi kuliko kufuata wiki, na bamvua nzuri ikiangukia Jumanne asubuhi ni lazima watu waende Jumanne asubuhi.

Ziara moja haina thamani kubwa. Thamani huja pale mahali palepale panapotembelewa tena na tena kwa miaka, na picha ya leo kuwekwa kando ya ile ya zamani. Nguzo iliyotokeza sentimita 10 sasa imetokeza 40. Mwakani pengine itakuwa imeng'oka. Kwa hiyo fomu inayosema kwamba kitu fulani hakionekani tena ni taarifa kamili ya kisayansi, ingawa anayeijaza huenda akaondoka na huzuni.

Baadhi ya yaliyoonekana

Huko Vauxhall, kusini mwa mto, mwaka 1993 ziligunduliwa safu mbili za nguzo za Zama za Bronzi, za takriban mwaka 1500 KK. Huenda zilikuwa daraja au gati, na vichwa viwili vya mikuki vya bronzi vilikutwa vimechomekwa wima karibu nazo. Mwaka 2010, si mbali na hapo, mradi uligundua nguzo nyingine sita zilizo za kale zaidi. Upimaji wa kaboni ulionyesha kuwa miti hiyo ni ya kati ya miaka 4790 na 4490 KK, yaani kabla kilimo hakijafika katika kisiwa hicho. Matumizi yake hayajulikani, lakini kwa unene wake, baadhi kufikia sentimita 30, haikuwa kibanda cha usiku mmoja.

Huko Chelsea kuna mabaki ya mtego wa samaki wa karne ya 8 au ya 9, nguzo fupi zilizopangwa kwa umbo la V. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wangeutambua mara moja, maana ni jamaa wa wando au uzio: samaki huingia maji yakijaa, na maji yakipwa hubaki ndani. Huko Rotherhithe zimelala mbao za meli za zamani zilizovunjwa, kwa kuwa mtaa huo ulikuwa na viwanja vya kuvunjia meli. Meli ya kivita Temeraire, maarufu kwa mchoro wa J. M. W. Turner, ilivunjwa huko mwaka 1838.

Matokeo yaliyowashangaza wengi, hata hivyo, hayakuwa ya kale. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndege za Ujerumani ziliishambulia London kwa mabomu. Kuta za kingo zilipigwa zaidi ya mara 100. Sehemu kubwa ya jiji iko chini ya kiwango cha maji ya bamvua. Ukuta ukibomoka usiku na maji yakijaa kabla haujazibwa, mto ungeingia mitaani, pia kwenye mahandaki ya treni za chini ya ardhi. Mhandisi mkuu wa halmashauri ya London, Thomas Peirson Frank, aliunda vikosi vya kuziba mianya kwa haraka, na kazi yao ilifanyika kwa siri ili adui asijue udhaifu huo. Mafuriko hayakutokea, na vita vilipokwisha habari ikasahauliwa. Milne na wanaojitolea walilinganisha kumbukumbu za halmashauri na kuta zenyewe, wakatembea chini ya kingo wakitafuta viraka vya saruji na mawe yasiyolingana na majirani zake. Mwaka 2014 kibao cha kumkumbuka Frank kiliwekwa kwenye bustani ya Victoria Tower Gardens, karibu na Bunge. Viraka hivyo vilikuwa mbele ya macho ya watu kwa miaka 70.

Sheria na hatari

Sehemu kubwa ya ufuko ni mali ya ufalme na mamlaka ya bandari, Port of London Authority. Yeyote anayetaka kutafuta vitu ufukoni, hata kwa macho tu, anapaswa kuwa na kibali cha mamlaka hiyo, na vitu vyenye umri wa zaidi ya miaka 300 ni lazima viripotiwe. Watafutaji binafsi wenye vibali wamechangia vitu vingi vya thamani kwenye makumbusho. Lakini wanachama wa FROG hawakusanyi. Kiko cha udongo kikishatiwa mfukoni bila kuandikwa kilipokuwa hakielezi mengi.

Hatari ni za kweli. Hakuna anayeshuka peke yake. Kabla ya kazi kuanza kila mmoja huonyeshwa ngazi za kutokea, kwani maji hurudi haraka na yanaweza kukata njia. Matope ya mahali pengine hunasa miguu. Maji yana vijidudu, vikiwemo vya homa ya leptospirosis inayotokana na mkojo wa panya, hivyo watu huvaa glavu, hufunika vidonda na kunawa kabla ya kula.

Upungufu

Ratiba ya maji huwapendelea wenye nafasi mchana wa siku za kazi, na ada ya mafunzo si kitu kidogo kwa kila mtu. Fedha za kwanza zilikwisha mwaka 2011. Tangu hapo mradi umeendelea chini ya taasisi ya MOLA kwa misaada, ada na matembezi ya kulipia. Kazi ya kujitolea haimaanishi kazi isiyo na gharama: lazima awepo mwanaakiolojia anayelipwa wa kufundisha, kukagua fomu na kutunza kumbukumbu, la sivyo michoro hubaki makabatini majumbani mwa watu.

Mwaka 2015 mtindo huohuo ulipelekwa kwenye fukwe za bahari za England kupitia mradi wa CITiZAN. Huko Scotland kazi kama hiyo huongozwa na SCAPE, iliyo na makao yake Chuo Kikuu cha St Andrews.