Faili la Windows Katika Kompyuta ya Mac

Ndugu Makatibu wa Vyama, yafaa ieleweke kwamba faili lililopakuliwa likikataa kufunguka katika Mac, si lazima liwe bovu. Tazameni kwanza mwisho wa jina lake. Likiishia kwa .pdf au .xlsx, ni hati, nayo hufunguliwa kwa Preview au Numbers. Likiishia kwa .exe, ni programu iliyoundwa kwa ajili ya Windows. Kulibadili jina hakufai kitu. Mwombeni aliyelituma awape toleo la Mac, ambalo kwa kawaida huishia kwa .dmg au .pkg, likikosekana, programu kama Wine au Parallels huweza kusaidia. Faili lisilojulikana litokako lisifunguliwe kamwe, kwani ndani ya kompyuta hiyo mna hesabu za mazao ya wanachama wote.