Je, Wajua? Mchunga Ng'ombe Ndiye Mwandishi

Je, wajua ya kuwa kijana aliyechunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora ndiye aliyetunga kitabu kilichompatia sifa nduguye mtemi huyo? Kijana ni Amani, katika riwaya ya Ken Walibora, *Kidagaa Kimemwozea*, iliyotoka mwaka 2012: mswada wake uliibwa na ndugu huyo, Majisifu, ukapigwa chapa kwa jina la mwizi.

● Tangu 2013 hadi 2017 riwaya hiyo ilitahiniwa katika shule za sekondari za Kenya nzima, hata wanafunzi wa Kwale na Msambweni, ambao baadhi yao mama zao hufua na kupika katika majumba ya kifahari ya Diani, wakaisoma dhulma hiyo darasani.

● Katika *Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972), tamaa yamwingia mtumishi mwenyewe: Idi, dereva wa tajiri Mwinyi, amtumia Bahati, binti aliyetamaniwa na mzee huyo, ili ajipatie mali.

● Katika *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi (1978), kabaila wa mashamba ya karafuu aangushwa na Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964.

● Katika pwani yetu ya Kenya, Gazi na Vanga zikiwamo, utumwa haukufutwa kisheria ila mwaka 1907.

Basi, ewe msomaji mwenye mtumishi nyumbani, mlipe ujira wake kamili kabla mwezi haujaandama, wala usimpunguzie heshima yake.