Mbio za Vilima vya Lewa
Katika nchi kavu iliyo kaskazini ya Mlima Kenya, ndani ya hifadhi ya Lewa ambamo faru na tembo hujiendea watakako, zilianzishwa mwaka 2000 mbio za marathoni zenye njia isiyo ya lami bali ya vumbi na changarawe, ipandayo na kushuka vilima katika mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya bahari. Na mwenye kuazimia kilomita 42 hana budi kuupita mzunguko ule ule mara mbili, huku askari wa wanyamapori wakimlinda, wengine kwa helikopta.

Watu aghalabu huogopa kupanda, nami nasema mashaka makubwa yako katika kuteremka. Apandaye huhema kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, lakini akifupisha hatua, au hata akitembea, jambo lisilo aibu hata chembe, moyo hutulia. Ama ateremkaye, misuli ya mapaja yake hulazimika kukaza hali inanyooshwa, ili kuuzuia uzito wa mwili usiporomoke, na kazi hiyo huzichana nyuzi zake ndogo ndogo, hata zifikapo kilomita za mwisho miguu ikakosa utiifu. Kwa hiyo mazoezi ya kuteremka, yaongezwayo taratibu kwa majuma mengi, ni faradhi kwa mkimbiaji.

Fedha zipatikanazo kwa mbio hizi husaidia hifadhi, elimu na afya, nayo ni fahari ya haki. Ewe msomaji mwenye siha, azimia nusu marathoni ya kilomita 21, na mazoezi ya vilimani uyaanze sasa.