Upande wa Betri Ufungwao Bodini: Jambo la Kujua Kabla ya Kufufua Motakaa ya Zamani

Mtu afufuapo motakaa ya zamani, kwa kawaida huanza na mabati, kisha injini, kisha rangi na viti. Nyaya za umeme hukumbukwa mwisho, hali nyaya hizo ndizo ziwezazo kuiteketeza motakaa yote kwa dakika chache. Katika nchi ya Kenya magari ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960 bado yapo. Mengine yamelala chini ya miti mashambani, kuku wakitaga ndani yake. Mengine hushindana katika mbio za magari ya kale, zilizoanzishwa mwaka 2003 kuwa ukumbusho wa Safari ile ya kwanza ya mwaka 1953. Aghalabu gari likutwalo shambani ni Land Rover, nalo ndilo tutakalolitumia kuwa mfano.

Yapasa kwanza kufahamu ya kuwa umeme hauendi mahali usiporudi. Hutoka katika kichwa kimoja cha betri, hupita katika taa au stata, kisha hurudi katika kichwa cha pili. Nyumbani kila taa huwa na waya wa kwenda na waya wa kurudi. Katika motakaa waya wa kurudi haupo, kwa sababu bodi na chasisi ni chuma, na chuma chenyewe hufanya kazi hiyo. Basi kichwa kimoja cha betri hufungwa bodini kwa kebo nene. Swali ni hili: kifungwe kipi, kichwa cha chanya au cha hasi?

Magari yote ya leo hufunga hasi bodini, na fundi kijana hajapata kuona jambo jingine. Lakini zamani viwanda havikupatana. Kampuni ya Ford huko Marekani ilifunga hasi katika Model T; katika Model A, ya matoleo ya mwaka 1928 mpaka 1931, ikafunga chanya, ikaendelea hivyo mpaka mwaka 1956 ilipohamia volti 12 na kurudia hasi. Chevrolet ilishika hasi. Uingereza, tangu miaka ya 1930, viwanda vingi vilishika chanya, na vyombo vyao vya umeme vilitoka hasa kwa kampuni ya Lucas. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, ikafunga chanya bodini mpaka mwaka 1967. Gari la MGB lilibadilika mwaka huo huo wa 1967, na Mini mwaka 1969.

Wahandisi wa zamani hawakuchagua chanya ovyo ovyo. Walisema kwamba kwa njia hiyo ncha ya katikati ya plagi hupata hasi kwa urahisi. Ncha hiyo ndiyo yenye moto zaidi, na chembe za umeme huruka vyema kutoka katika chuma chenye moto kuliko katika chuma kilichopoa. Tena walidai kwamba vifungo vya shaba haviliki upesi. Dai la kwanza ni kweli, walakini lawezekana kutimizwa pia kwa kufunga koili vizuri tu, bodi iwe chanya au hasi. Transista na altaneta zilipoenea, viwanda vyote vikaona heri kuwa na desturi moja.

Hatari ya kwanza ni spana. Kila mwanafunzi wa gereji huambiwa, "Anza kufungua mainasi." Kwa magari ya leo maneno hayo ni sawa. Kwa Land Rover ya mwaka 1960 ni maneno ya kuunguza mkono. Sheria yenyewe ni kufungua kwanza kebo ya bodi, na kuifunga mwisho. Sababu yake ni kwamba spana ikigusa bodi wakati ufunguapo kebo ya bodi, hakuna linalotokea. Lakini ikigusa bodi hali umeshika kichwa kingine, umeme wote wa betri hupita katika spana hiyo, ikawa nyekundu kama ya mhunzi. Betri ichajiwapo hutoa hewa iwakayo, na cheche moja yatosha kuipasua na kumrushia mtu asidi usoni.

Hatari ya pili ni rangi za nyaya. Fundi wa leo huona waya mweusi akasema ni hasi, mwekundu akasema ni chanya. Katika nyaya za Lucas sivyo. Mweusi ni waya wa bodi tu, na katika gari lililofungwa chanya bodini, mweusi ndio chanya! Mwekundu ni wa taa ndogo za mbele na za nyuma. Wa kahawia hutoka kwenye betri, nao una umeme wakati wote pasipo fyuzi. Huo ndio wa kuogopwa. Mweupe hupata umeme ufunguo ugeuzwapo, kijani ni ule uliokwisha pita katika fyuzi, na buluu ni wa taa kubwa.

Mwandishi wa habari hizi alipata kuona matokeo ya kukosea. Kijana mmoja alikuwa amerithi Land Rover ya baba yake, akaipeleka gereji fulani kutiwa betri mpya. Fundi alifunga hasi bodini kwa mazoea. Taa ziliwaka, kwa kuwa balbu haijali upande. Stata iliizungusha injini kama kawaida, kwa kuwa sumaku zake zote ni za umeme nazo hugeuka pamoja. Injini ikanguruma, watu wakapiga makofi. Baada ya muda mfupi moshi ukatoka nyuma ya dashibodi. Dinamo ilikuwa bado yachaji kwa upande wa zamani, hali betri imegeuzwa. Basi nguvu zao hazikupingana kama ipasavyo bali zilisaidiana, viguso vya kisanduku cha kutawala chaji vikaungua vikagandamana, na waya wa kahawia ukayeyuka. Injini ilizimwa, na moshi haukukoma. Gari liliokolewa na mzee mmoja aliyerukia betri na kuing'oa kebo kwa koleo.

Je, mtu ageuze gari lake liwe kama la leo? Kwa maoni yangu, kama halina redio wala chombo chochote cha transista, heri aliache kama lilivyotoka kiwandani, na abandike kibao karibu na betri: CHANYA BODINI. Lakini mwenye kutaka kutia altaneta hana budi kugeuza, kwa maana altaneta nyingi zina daiodi zilizopangwa kwa hasi bodini, nazo huungua mara moja zikikutana na betri iliyofungwa kinyume.

Kazi ya kugeuza si kubwa. Betri hugeuzwa, na vishikizo vya kebo hubadilishwa kwa kuwa kichwa cha chanya ni kinene kuliko cha hasi. Asikipige kwa nyundo kukilazimisha kuingia. Nyaya mbili nyembamba za koili hubadilishana mahali, ili ncha ya plagi ibaki hasi. Asiyefanya hivyo ataona gari lakwenda, ila hukohoa likipanda mlima na mzigo. Nyaya za saa ya chaji hubadilishana pia, ama sivyo itaonyesha kinyume. Mota ndogo yenye sumaku ya kudumu, kama zile za feni za siku hizi, itazunguka kinyumenyume mpaka nyaya zake zibadilishwe.

Kisha dinamo yenyewe yapasa kufundishwa upande mpya. Chuma cha ndani hubaki na usumaku kidogo hata injini ikizimwa, na usumaku huo ndio uamuao upande wa umeme. Kwa dinamo ya Lucas, injini ikiwa imezimwa na betri imekwisha fungwa kwa upande mpya, waya hutolewa kwenye ncha za D na F. Kisha kipande cha waya kutoka kichwa cha betri kisichofungwa bodini huguswa kwenye ncha ya F mara tatu au nne, kwa kitambo kidogo tu. Cheche ndogo zitaonekana. Dinamo za Kimarekani hazifanywi namna hiyo zote, na mwenye gari la namna hiyo yampasa kusoma kitabu cha gari lake kwanza.

Nyaya za zamani zilivikwa mpira na pamba. Mpira huo hukauka, hupasuka ukikunjwa, na panya huupenda. Usiunge kipande hapa na kipande pale. Toa fungu zima, ulitandike chini, na kupima kila waya. Wala usitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene, kwa maana mtikisiko wa barabara zetu huukata ndani pasipo kuonekana nje. Na juu ya fyuzi: ile ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika kwa ampea 35, lakini kwa kazi ya kuendelea huchukua 17 tu. Fyuzi ya namna nyingine iliyoandikwa 35 huenda ikachukua 35 mchana kutwa, na waya ukaungua kabla yake.

Kadhalika usiliwashe gari la chanya bodini kwa kebo kutoka gari la leo huku bampa zao zikigusana. Bodi moja ni chanya na ya pili ni hasi, na kugusana kwao ni shoti tayari mara kebo ya kwanza ifungwapo. Iliyo salama ni kuitoa betri na kuichaji mbali.

Siku ya kurudisha betri baada ya kazi yote, usifunge kebo ya mwisho moja kwa moja. Chukua balbu ya taa ya breki, uiweke kati ya kichwa cha betri na kebo ya bodi, swichi zote zikiwa zimezimwa na saa ya dashibodi, kama ipo, imekatwa. Balbu isipowaka, waweza kufunga. Ikiwaka kwa nguvu, ipo shoti mahali fulani. Toa fyuzi moja moja, kisha fungua nyaya za kahawia moja moja, mpaka balbu izimike, nawe utakuwa umeupata waya wenye kosa.