Talaka isiyokamilika hubatilisha ndoa ya pili

MAGONGO, katika eneobunge la Changamwe mjini Mombasa, ni mtaa wa watu waliohamia kutoka sehemu mbalimbali kufuata kazi za bandarini, viwandani na katika uwanja wa ndege wa Moi. Katika mtaa wa namna hii si ajabu mtu kutengana na mwenzi aliyebaki nyumbani, akaanzisha kesi ya talaka, akaiacha njiani, kisha akafunga ndoa nyingine.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haitambui mkato huo. Ndoa ya Kikristo na ya kiserikali ni ya mume mmoja na mke mmoja, nayo haivunjwi na miaka ya kutengana, barua ya chifu wala makubaliano ya wazee. Huvunjwa na mahakama pekee. Anayeoa au kuolewa tena kabla ya hapo hufunga ndoa batili, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 171, inaweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka mitano.

Kwa Waislamu, mume anaweza kuwa na zaidi ya mke mmoja. Mke, hata hivyo, haolewi tena kabla ya talaka kuthibiti na eda kumalizika. Mzozo ukizuka, Mahakama ya Kadhi huusikiza pande zote zikiwa za Waislamu waliokubali mamlaka yake.

Anayetaka kurekebisha mambo aanze na ndoa ya kwanza. Aulize katika masjala ya mahakama kesi yake ilifikia wapi. Kesi iliyokaa mwaka mzima bila hatua yoyote inaweza kuwa ilitupiliwa mbali, na hapo italazimu kuwasilisha ombi jipya. Ikiwa ilitolewa amri ya awali pekee, ndoa ingali hai hadi itolewe amri ya mwisho. Mwenzi asipojulikana aliko, mahakama inaweza kuruhusu aitwe kwa tangazo la gazetini. Na kwa kuwa maelezo hutolewa kwa kiapo, ni busara kumwona wakili kabla ya kutia sahihi hati yoyote.

Jambo linalowapita wengi ni kwamba talaka ya leo haihalalishi ndoa ya jana. Wawili hao wanapaswa kutoa notisi ya angalau siku 21, wakiambatanisha nakala ya amri ya talaka, na kufunga ndoa upya.

Uzito wa haya huonekana mauti yanapoingia. Mjane wa ndoa ya kwanza hujitokeza na cheti chake kudai urithi, naye aliyemuuguza marehemu hulazimika kuthibitisha kwamba alikuwa mke. Watoto hawabebi kosa hilo, kwani Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inawapa haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au la.