Mieleka Nyarugusu: Bila Adui Hakuna Pambano!

Tarehe 7 Julai 1996, mjini Daytona Beach kule Florida, Marekani, Hulk Hogan alijitokeza ukumbini na watu wakainuka vitini kumshangilia. Si ndiyo kawaida yake? Tangu mwaka 1984 alipomnyang'anya mkanda Iron Sheik, Hogan alikuwa steringi wa masteringi, yule wa kuwahimiza watoto wasali na wameze vitamini zao. Siku hiyo wenzake walikuwa wanachapwa na wavamizi wawili, na kila mtu akajua mkombozi kafika. Kumbe! Badala ya kuokoa jahazi, akamrukia Randy Savage aliyekuwa hoi chali na kumshindilia mguu. Dakika chache baadaye ulingo ulikuwa umejaa vikombe, chupa na takataka za kila aina. Watu wanarusha kwa uchungu kama vile wamedhulumiwa urithi wa baba yao.

Sasa jiulize, mpenzi msomaji: watu wale hawakujua kwamba mambo yale hupangwa? Walijua fika. Mwaka 1989 kampuni ya WWF yenyewe iliwaeleza wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, siyo mashindano, ili isibanwe na sheria za michezo. Siri ilikuwa nje miaka saba. Na bado chupa zikaruka!

Mimi somo hili sikulipata Marekani. Nililipata huku Kasulu, kwenye kambi ya Nyarugusu, ambayo ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita. Mwaka 2014 nilikuwa na kibarua cha miezi kadhaa pale kambini, kabla wenzetu wa Burundi hawajaingia kwa maelfu mwaka uliofuata. Jioni hakuna pa kwenda. Basi mguu ukanizoesha kibanda umiza kimoja: ukuta wa tofali mbichi, paa la turubai, mabenchi ya mbao, TV ya kichogo, na nje jenereta linakohoa kama lina pumu. Kiingilio shilingi mia mbili.

Mwenye enzi pale alikuwa kijana wa mikrofoni, mtafsiri. Wale wa Dar mliowahi kumsikia Lufufu akitafsiri filamu mnanielewa. Huyu wa kwetu Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga, lakini nani alijali? Kwake yeye hakuna mwanamieleka aliyepanda ulingoni bila sababu. Huyu mweupe wa Texas kamwibia mwenzake ng'ombe wa mahari. Yule mwenye nywele ndefu alikopa mtumbwi pale Uvira akaurudisha umetoboka. Ukumbi mzima unaguna, "Aaah!", hata kabla ngumi ya kwanza haijarushwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba steringi si mtu mgumu kumpata. Tafuta kijana mwenye kifua, mpe wimbo wa kuingilia, kazi imekwisha. Ngoma nzito ni adui. Adui lazima ajue kutukana watazamaji, ajifiche nyuma ya refa, apige magoti kuomba msamaha halafu atie kidole jichoni. Lazima ampige steringi muda mrefu, mpaka wewe kwenye benchi uone wivu wa kutokuwa na fimbo. Na muda wote huo wote wawili wanasikiliza. Kelele zikipanda, kipigo kinaongezwa. Zikififia, steringi anaamshwa haraka. Watu wakikaa kimya, hata wale mabingwa ulingoni hawana la kufanya, wanahangaika kama mwalimu aliyesahau somo.

Lakini watazamaji nao wana kiburi chao. Kuna siku ililetwa kanda ya Kamala, "Jitu la Uganda". Uso umepakwa rangi, tumbo lina nyota, mkononi mkuki, hasemi neno, eti aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Mtu mwenyewe jina lake James Harris, mzaliwa wa Mississippi, dereva wa malori huko nyuma! Sura ile alibuniwa mjini Memphis mwaka 1982, maana mapromota walijua Mmarekani ataiogopa Afrika bila kuuliza maswali. Sasa Nyarugusu nani amwogope Mganda? Kibanda kiligoma. Hakuna aliyezomea. Kamala akaanza vituko vyake vya kutojua hata namna ya kumbana mtu mabega chini, anamgeuza mwenzake kifudifudi, refa anapiga kelele, yeye haelewi. Kijana wa mikrofoni akasoma upepo akabadilisha hadithi palepale: huyu ni mkimbizi mwenzetu, alipotea njia akatokea Marekani, lugha hajui, karatasi hana, na kila ofisi anayokwenda anaambiwa arudi kesho. Jamani! Watu walicheka mpaka machozi, na Kamala alipopigwa walisikitika kwelikweli. Harris alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 70. Sidhani kama alipata kujua kwamba kuna ukumbi mmoja Kigoma ulikataa kumfanya adui.

Mzee mmoja, wote tulimwita Papa, hakuwa anashangazwa na lolote kati ya haya. Yeye aliisikiliza redioni Kinshasa ya tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman. Ile ilikuwa ngumi ya kweli, siyo mieleka, lakini Papa alisema hadithi ilikuwa ya kachi, kama Wakongo wanavyoiita mieleka. Foreman alishuka Zaire na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, na watu wakakumbuka mbwa wa polisi wa Mbelgiji. Ali hakuchelewa. Wote wawili weusi, wote wawili Wamarekani, lakini mmoja akawa mtoto wa nyumbani na mwingine akawa mkoloni! Ufundi huo Ali aliutoa kwenye mieleka hasa. Mwaka 1961 mjini Las Vegas alikutana na Gorgeous George, mwanamieleka wa nywele za dhahabu na majoho, bingwa wa kujisifu, na akaona jinsi watu walivyojaza ukumbi kwa hamu ya kumwona mtu huyo akifungwa mdomo. Miaka 13 baadaye uwanja mzima unaimba "Ali boma ye", yaani Ali, muue. Papa alikuwa akilitamka neno hilo kama sala.

Na neno hilo ndilo lililozua kasheshe. Mama mmoja muuza mandazi mlangoni aliingia siku moja katikati ya pambano, akasimama mbele ya TV.

"Mwanangu, hawa watoto wamekimbia vita."

"Mama, ni mchezo tu huu," mtafsiri akajitetea.

"Ngumi zao sina shida nazo. Ni mdomo wako. Kila saa muue, muue. Humu ndani kuna mtoto aliyelisikia neno hilo likisemwa kweli."

Hakuna aliyecheka. Papa alinuna wiki nzima, lakini kuanzia siku ile hakuna aliyeuawa tena kwenye kibanda chetu. Watu wakawa wanalazwa. Tabu ikabaki kwa Undertaker, maana yule bwana kila kitu chake ni kifo: kofia nyeusi, kengele, majeneza. Aliyekuwa Mzee wa Makaburi akaitwa Mzee wa Usingizi, na watoto wakampenda zaidi.

Wiki chache baadaye ikafika kanda ya tarehe 6 Aprili 2014, New Orleans. Undertaker alikuwa ameshinda WrestleMania mara 21 bila kupoteza hata moja, tangu 1991. Mbele yake Brock Lesnar. Kwetu hakukuwa na pa kupitisha sindano. Refa akapiga moja, mbili... tatu. Kule Marekani ukumbi wa maelfu ulinyamaza, kamera inaonyesha watu wameachama vinywa. Kwetu likabaki jenereta peke yake. Mtafsiri kashika mikrofoni, neno halitoki.

Mtoto mmoja wa benchi la mbele akauliza, "Mzee wa Usingizi kalala. Ataamka lini?"

Kijana akajikuna kichwa, akarudia biashara yake.

"Wiki ijayo. Njooni na mia mbili zenu."